Mashine ya CNC ya kujitengenezea yapewa kazi ya alumini: uchambuzi wa kisa cha karakana moja

Usuli

Kisa hiki kinatoka katika karakana ya useremala na mabango kwenye mji mmoja wa Tanzania. Mwenye karakana ameridhia kiandikwe ili mafundi wengine wafaidike. Jina lake, mji, mteja na kila kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Vipimo vimebaki kama vilivyo kwenye daftari la karakana, maana bila vipimo kisa cha aina hii hubaki hadithi tu.

Karakana ina mwenyewe, seremala wa siku nyingi, na msaidizi kijana aliyesomea umeme katika chuo cha ufundi. Mashine yao ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, waliiunda kidogo kidogo kwa fedha ya kazi. Fremu ya chini ni mabomba ya mraba ya chuma yaliyochomelewa. Meza ni MDF ya milimita 18. Daraja linalovuka juu ya meza limesimama kwenye miguu miwili ya plaiwudi, kila mguu mbao mbili za milimita 18 zilizogundishwa pamoja. Mihimili miwili ya mlalo inatembea kwenye reli za mviringo zilizoshikiliwa chini kwa urefu wote, ikiendeshwa na parafujo za gololi zenye kipenyo cha milimita 16 na hatua ya milimita 5. Mota ni za stepa, zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo, saizi ya NEMA 23, na zinaongozwa na bodi ndogo ya Arduino Uno yenye GRBL, programu huria inayotumika kwenye mashine nyingi za kujitengenezea.

Mhimili wa kupanda na kushuka ndio uliowekwa kwa haraka. Una fimbo mbili za mviringo za milimita 12, zilizoshikwa kwenye ncha tu, na parafujo ya kawaida ya T8 yenye nati ya shaba. Kisu kinazungushwa na rauta ya mkono ya wati 700 hivi, ambayo mizunguko yake hurekebishwa kutoka 10,000 hadi 30,000 kwa dakika.

Kwenye mbao, mashine hii imewalisha. Mninga, mkongo, MDF na plaiwudi inazichonga vizuri kwa kisu cha meno mawili, mizunguko 18,000, mwendo wa milimita 2,500 kwa dakika. Namba hizo tutazirudia, kwa sababu jibu la tatizo lilikuwa ndani yake tangu mwanzo.

Kazi iliyoingia

Mteja mwenye mashine za kufungashia unga alihitaji bamba 20 za alumini. Kila bamba ni mraba wa milimita 90, unene milimita 12, lenye matundu manne ya boliti za M6 kwenye pembe na nyumba ya beringi katikati. Beringi ni namba 6002, kipenyo cha nje milimita 32, upana milimita 9. Chini ya nyumba hiyo kuna tundu la milimita 20 linalopita hadi upande wa pili.

Mwenye karakana alikubali kazi kwa bei ya jumla, akijua mashine yake haijawahi kukata chuma cha aina yoyote. Uamuzi huo ulikuwa na msingi. Mabango yalikuwa yamepungua, mteja alikuwa mtu wa kurudi, na bamba za namna hii zinahitajika kila mahali penye mashine zinazozunguka. Nguvu ya rauta haikuwa kikwazo pia, kwani kukata alumini kidogo kidogo hakuhitaji wati nyingi. Alichokosa ni kujua mashine yake inapinda kiasi gani ikisukumwa.

Majaribio ya kwanza

Kipande cha majaribio kilitoka kwa wauza vyuma chakavu, bamba lisilo na alama yoyote. Kisu kilinunuliwa duka la vifaa mjini. Kilikuwa cha milimita 6, meno manne, chenye mpako mweusi wa kukatia chuma kigumu. Bamba lilibanwa kwa klampu mbili, moja kila upande. Msaidizi aliweka mizunguko 24,000, kina cha milimita 1, na mwendo wa milimita 300 kwa dakika. Mwendo huo ulichaguliwa kwa tahadhari: mbao zinakatwa kwa 2,500, basi chuma kiende polepole.

Kisu kililia kwa sauti kali, kikatema vumbi la kijivu kwa muda mfupi, kisha mifereji yake ikajaa alumini iliyoganda. Kikavunjika.

"Punguza mwendo, kijana," mwenye karakana alisema.

"Mzee, nipunguze hadi ngapi?"

Wakaweka 150. Kisu cha pili kiliganda mapema zaidi kuliko cha kwanza, nacho kikakatika. Cha tatu walikipa kina cha nusu milimita na mwendo uleule wa 150. Kilidumu kidogo, kikaacha ukuta uliochanikachanika, halafu kikazama ndani ya bamba chenyewe na kuvunjika karibu na koleti, kishikio cha kisu kwenye rauta.

Hapo wakageukia mafuta ya taa. Ni njia ya zamani na kwenye alumini inasaidia kweli, kwa sababu mafuta huzuia chuma kujishika kwenye makali. Msaidizi alikuwa akipaka kwa brashi huku mashine inakata. Uso wa kazi ulipendeza kidogo, lakini rauta ya mkono ina kaboni zinazotoa cheche ndani ya mota, na feni yake huvuta hewa ya pale pale kazi ilipo. Moshi wa mafuta ulikuwa unaingia mahali penye cheche, ndani ya chumba chenye unga wa mbao sakafuni. Hakuna moto uliowaka. Mwenye karakana aliona hatari hiyo mwenyewe akasimamisha kazi, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki.

Baada ya hapo alinipigia simu, kwa kuwa nafundisha ufundi mitambo na tunafahamiana.

Tulichopima

Kabla ya kugusa kitu tulifanya hesabu moja. Unene wa chenga linayoinyoa kila jino hupatikana kwa kugawa mwendo kwa zao la mizunguko na idadi ya meno. Kwenye mbao: 2,500 gawanya kwa 18,000 mara 2, sawa na milimita 0.07. Kwenye alumini, jaribio la kwanza: 300 gawanya kwa 24,000 mara 4, sawa na milimita 0.003. Jaribio la pili: 0.0016.

Msaidizi aliandika namba hizo kwenye ubao akazitazama kwa muda. "Mwalimu, kwa hiyo mbao tulikuwa tunazipa chenga nene mara 20 zaidi?"

Ndivyo ilivyokuwa. Makali ya kisu, hata kipya, yana uviringo mdogo usioonekana kwa macho. Jino likipewa chenga nyembamba kuliko uviringo huo, haliwezi kuzama ndani ya chuma. Linasugua juu yake. Kusugua huzaa joto bila kutoa chenga ya kubeba joto hilo, na alumini ikipata joto hulainika na kunata. Ikinata kwenye kisu, kisu hakina makali tena, na kinachofuata ni kuvunjika. Kila walipopunguza mwendo waliongeza msuguano, kwa hiyo dawa yao ilikuwa inauongeza ugonjwa.

Meno manne yalizidisha tatizo. Kisu cha meno mengi kina mifereji membamba, kinafaa chuma kigumu kinachotoa chenga fupi. Mpako wake nao ulikuwa wa aina yenye alumini ndani yake, na mipako hiyo huvutana na alumini inayokatwa. Kwa kazi hii, kisu kisicho na mpako wowote kingekuwa bora kuliko kile cha bei ya juu walichonunua.

Kisha tukapima ugumu wa mashine. Vifaa vilikuwa viwili: mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo, na geji ya saa inayosoma sehemu ya mia ya milimita, iliyosimamishwa kwenye kipande cha chuma juu ya meza. Tulivuta kwa nguvu ya kilo 10 kwenye koleti, upande wa kushoto kwenda kulia, tukasoma geji. Kisha tukavuta vilevile huku tukiihamisha geji sehemu moja baada ya nyingine, tukipanda kuelekea juu. Matokeo:

- kwenye koleti: milimita 0.35
- kwenye kishikio cha rauta: 0.31
- kwenye bamba linalotembea juu ya daraja: 0.11
- kwenye daraja lenyewe: 0.08

Soma tofauti kati ya mstari na mstari. Kutoka bamba la daraja hadi kishikio cha rauta, kipimo kinaruka kwa milimita 0.20, yaani zaidi ya nusu ya kupinda kote. Fimbo mbili za milimita 12 ndizo zilizokuwa zinapinda. Mwenye karakana alikuwa ameshaanza kupanga kubomoa miguu ya plaiwudi na kuunda daraja jipya la chuma, kazi ya fedha nyingi. Vipimo vilionyesha kwamba daraja lilichangia chini ya robo.

Tukashika kishikio cha rauta na kukiinua na kukishusha kwa mkono. Kilikuwa na plei, yaani ulegevu, ya milimita 0.2 kwenye nati ya shaba. Kisu chenye mifereji ya ond kinachotupa chenga juu, chenyewe hujivuta chini. Kwenye mbao mvuto huo ni mdogo, uzito wa rauta unatosha kuituliza. Kwenye alumini kisu kilikuwa kinaivuta rauta nzima hadi mwisho wa plei. Hiyo ndiyo iliyoeleza kisu cha tatu kuzama chenyewe.

Mwisho tukapima kisu kimetoka nje ya koleti kwa urefu gani: milimita 38, kama walivyozoea kwenye mbao nene. Kupinda kwa kisu hukua kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kukirudisha hadi milimita 22 hupunguza kupinda kwake hadi karibu sehemu moja ya tano, bila gharama yoyote.

Maamuzi na sababu zake

Mhimili wa wima ulijengwa upya wote: reli mbili za gololi za saizi ya 15 juu ya bamba nene, parafujo ya gololi ya milimita 12 yenye hatua ya milimita 4, na safari fupi kuliko ya zamani kwa sababu kazi za karakana hazihitaji zaidi. Miguu ya daraja ilibaki ya plaiwudi. Mwenye karakana aliifunga bamba za chuma za milimita 6 kwa nje, kwa boliti zinazopita. Baada ya kazi hiyo, mvuto uleule wa kilo 10 kwenye koleti ulisoma milimita 0.11 badala ya 0.35. Bado ni mashine laini ukiilinganisha na mashine ya kiwandani, lakini tulijua ulaini wake ni kiasi gani.

Visu vilibadilishwa kuwa vya jino moja, milimita 6, visivyo na mpako, vyenye mfereji mpana uliong'arishwa. Jino moja huacha nafasi kubwa ya chenga kutoka. La muhimu zaidi, linaruhusu chenga nene bila mwendo wa kutisha: 16,000 mara 1 mara 0.05 ni milimita 800 kwa dakika. Mashine iliyokuwa inaenda 150 sasa ingeenda 800 kwenye chuma. Mwenye karakana aliomba tuanze na 400. Nilikataa, kwa sababu 400 ingeturudisha kwenye 0.025, karibu na mpaka wa kusugua, na kijana angejifunza somo lilelile la zamani. Kama tungetaka kuwa waangalifu, mahali pa kupunguza palikuwa kina na upana wa kuuma. Tuliweka kina cha milimita 1 na upana wa 1.5, robo ya kipenyo cha kisu.

Malighafi: bamba jipya lenye chapa ya 6061-T6 badala ya kipande cha skrepa. Kile cha skrepa tulikijaribu kwa tupa, kikaziba meno ya tupa mara moja, na pembe yake ilipinda kwa nyundo bila kupasuka. Dalili zote ni za alumini laini, inayokaribia kuwa tupu, ambayo ni nzuri kwa kukunja na mbaya sana kwa kuchonga. 6061-T6 imechanganywa na magnesi na silikoni na kupitishwa kwenye joto ili iwe ngumu. Inatoa chenga zinazokatika. Wengi hudhani alumini laini ndiyo rahisi kukata, wakapoteza visu hapo.

Kushika kazi ndiko kulikobadilika zaidi. Matundu manne ya M6 yalikuwa kwenye mchoro tangu mwanzo, basi tukayatoboa kwanza kwa drili ya kusimama, kwa kutumia bamba la mwongozo, kisha tukayatumia kufunga kazi. Juu ya MDF tukafunga bamba la chuma lenye matundu manne yaliyokatwa nyuzi na pini moja ya kuegemea. Klampu zikaondoka kabisa. Bamba likashikwa pembe zote nne, chini yake pagumu, na kisu kikaweza kuchonga nyumba ya beringi na kuzunguka kingo za nje bila kufunguliwa.

Katikati ya kila bamba tulitoboa tundu la milimita 16 kabla ya kupeleka kwenye CNC, na chini yake bamba la chuma na MDF vikatobolewa pia. Kisu hakikuhitaji tena kuzama kwenye chuma kizima. Kilianza ndani ya tundu na kupanuka kwa kuzunguka. Chenga nyingi zilianguka chini zenyewe. Zilizobaki zilipulizwa kwa kompresa ya kupulizia rangi. Chenga ikibaki ndani ya shimo hukatwa mara ya pili, na chenga inayokatwa mara ya pili hugandamizwa kwenye jino.

Mafuta ya taa yalipigwa marufuku. Hata dawa za kopo za kulainisha, kama WD-40, nyingi zina viyeyusho vinavyowaka, hivyo nazo ziliwekwa mbali na mota yenye cheche. Mafuta ya kukatia yanayochanganywa na maji yangevimbisha MDF. Walibaki na hewa ya kompresa na tone la mafuta mazito ya kukatia, linalowekwa kwa brashi kabla ya mzunguko kuanza huku mota imezimwa.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa mgumu kwa mwenye karakana. Nyumba ya beringi ya milimita 32 inaruhusiwa kuzidi kwa milimita 0.025 hivi, basi. Mashine inayopinda sehemu 11 za mia kwa kilo 10 haiwezi kuahidi hilo. Nilishauri CNC ichonge hadi milimita 31.5, na nusu milimita iliyobaki ikamaliziwe kwenye mashine ya kukereza katika karakana ya jirani. Alihisi ni kama kukubali kwamba mashine yake imeshindwa. Mimi nilimwambia kwamba hata viwandani kazi hupita mashine zaidi ya moja, kila moja ikifanya inachokiweza.

Uzalishaji

Bamba la kwanza lilitoka na chenga zinazong'aa, zilizojikunja, unazoweza kuzihesabu kwenye kiganja. Sauti ilikuwa ya kuvuma, bila kulia. Kisu kilipotoka kilikuwa cha kushikika kwa mkono.

Kwenye bamba la nne umeme ulikatika. Kisu kilisimama ndani ya shimo, na uliporudi mashine haikujua ilipo. Msaidizi aliirudisha kwa macho kwenye alama ya penseli, akaendelea, na nyumba ya beringi ikahama kwa milimita 0.6. Bamba likaharibika. Siku ileile wakafunga swichi za mwisho wa safari kwenye mihimili yote mitatu na kuwasha utaratibu wa GRBL wa kujitafutia mwanzo. Kwa kuwa bamba la chuma la kushikia kazi halihami, sifuri ya kazi sasa ni umbali usiobadilika kutoka kwenye swichi. Umeme ulipokatika tena baadaye, walirudisha mashine mwanzo, wakaendelea na kipande kilekile bila tatizo.

Bamba mbili zaidi ziliharibika kwa sababu moja. Chenga ilibaki chini ya pembe kabla ya kufunga boliti, bamba likakaa upande, na sakafu ya nyumba ya beringi ikatoka na mteremko. Tangu hapo bamba la kushikia hufutwa kwa kitambaa na kupitishwa kidole kila mara kabla ya kufunga. Kuna hatua ambazo mashine haiwezi kumfanyia mtu.

Matokeo

Bamba 20 zilifika kwa mteja, kutoka malighafi ya bamba 23. Kabla ya kukerezwa, vipenyo vilivyotoka kwenye CNC vilisoma kati ya milimita 31.38 na 31.52, huku baadhi zikiwa na uviringo uliokosea kwa 0.08. Mkerezaji alizishika kwenye chaki ya taya nne, kibano cha mashine ya kukereza, akazipanga kwa geji, akamaliza hadi 32. Beringi zote ziliingia kwa kusukumwa kama inavyotakiwa. Kingo za nje zilikuwa na mawimbi madogo yanayohisika kwa kucha upande mmoja. Mteja aliyakubali kwa sababu hayagusi kitu.

Kisu kimoja cha jino moja kilivunjika katika uzalishaji wote, na hicho ni kwa umeme kurudi ghafla kabla ya kukitoa shimoni. Faida ya fedha ilikuwa ndogo. Bei ya mwanzo haikuhesabu mkerezaji, mhimili mpya wala visu vya majaribio.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuacha kukisia. Mizani ya mizigo na geji ya saa viliokoa gharama ya daraja zima. Nimeona mashine nyingi za kujitengenezea zikibomolewa na kujengwa upya mahali pasipo na tatizo, kwa sababu mwenyewe aliona plaiwudi akadhani lazima ndiyo dhaifu. Anayetaka kupima mashine yake afuate utaratibu huohuo: mvuto uleule, mahali pale pale pa kuvuta, geji tu ndiyo ihamishwe. Sehemu ambayo kipimo kinaruka ndiyo ya kutengeneza, na baada ya kuitengeneza apime tena, kwa maana udhaifu unaofuata utakuwa umejitokeza mahali pengine.

Hesabu ya chenga nayo ilibadilisha mwenendo wa karakana. Woga wa chuma ni wa kawaida, na fundi wa mbao ana sababu ya kuwa nao; mbao ikikosewa huungua, chuma kikikosewa kisu hurukia uso. Lakini woga ule ulielekezwa kwenye mwendo, kitu pekee ambacho hakikupaswa kushushwa. Mashine dhaifu inalindwa kwa kuuma kidogo: kina kidogo, upana mdogo, meno machache. Ndani ya kuuma huko kudogo, jino lazima linyoe chenga halisi. Ukitaka kupunguza joto na mwendo umebana, shusha mizunguko kabla ya kushusha mwendo, mradi mota isikose nguvu. Rauta nyingi za mkono hazina nguvu nzuri chini ya mizunguko 12,000 hivi, na hapo ndipo jino moja linaposaidia zaidi.

Tulijaribu pia njia mbili za kuzunguka. Kisu kikizunguka kwa mwelekeo unaoanza na chenga nene na kumalizia na nyembamba, uso hutoka safi, lakini kisu huvuta kazi kuelekea kwake, na mashine yenye plei hurukaruka. Kwa kuwa parafujo zote sasa zilikuwa za gololi, njia hiyo ilikubali. Wenye mashine za mkanda au nati zilizolegea wakate kwa mwelekeo wa kinyume wakati wa kutoa nyama, yaani sehemu kubwa ya chuma, watumie huu wa kwanza kwa mzunguko mwembamba wa mwisho tu. Wakiona shimo linatoka dogo kuliko mchoro, kisu kinasukumwa mbali na ukuta. Warudie mzunguko wa mwisho kwenye namba zilezile, bila kuongeza chochote, na sehemu ya upungufu huo itaondoka.

Kilichoshindwa kinastahili kuandikwa bila kufichwa. Rauta ya mkono haikutengenezwa kusukumwa ubavuni kwa saa nyingi. Kabla bamba 20 hazijaisha, beringi zake zilianza kulia, na mawimbi ya kingo nadhani yalitoka hapo zaidi ya kwenye fremu. Vumbi la alumini lilivutwa ndani ya mota na feni yake. Ni kipitisha umeme, na likikaa kwenye kaboni au kwenye bodi ya mota za stepa huunguza. Boksi la vifaa vya umeme lilikuwa wazi kwa wiki za mwanzo, na lilifungwa kwa kifuniko na kichujio baada ya msaidizi kukuta chembe zinazong'aa juu ya Arduino. Hilo lilipaswa kutangulia kila kitu. Hali kadhalika swichi za mwisho wa safari: katika nchi ambayo umeme hukatika bila taarifa, mashine isiyojua mwanzo wake haipaswi kupewa malighafi ya kununua.

Bei nayo. Kazi ilikubaliwa kabla ya jaribio hata moja la kukata. Mwenye karakana sasa huchonga kipande kimoja cha majaribio kwa malipo madogo, hupima, ndipo hutaja bei ya jumla, na gharama ya kukereza huandikwa kwenye mstari wake. Oda ya pili ya mteja yuleyule, bamba za unene wa milimita 10, aliipokea kwa utaratibu huo. Aliyekuja na michoro ya vipande vya chuma cha pua alimrudisha, akamwelekeza kwenye karakana yenye mashine ya kiwandani. Kinachofuata kwenye orodha yake ya manunuzi ni mota ya kisu isiyo na kaboni, ya wati 1,500, yenye kidhibiti cha kasi, na ameshaacha nafasi ya kuifunga kwenye bamba jipya la mhimili wa wima.